Goti la Kulia

Goti langu la kulia
ndilo goti la kulia:
kwa hilo nilipiga magoti juu ya chukudu
miaka thelathini na mmoja, Kibumba hadi Birere,
kabichi, viazi, makala,
mara moja kinanda cha kanisa,
na kwa hilo watoto sita walikula.
Sasa usiku linasaga
kama mtu anayetafuna changarawe usingizini.

Kahambu alipiga simu Jumapili.
Yuko Ubelgiji, amevaa glavu kutwa,
anachunga vitu visivyoonekana kwa macho.
Baba, alisema, gegedu lote limeliwa.
Limeliwa na nani?
Na mteremko, baba. Na mawe.

Nikamwambia: nieleze kwa mbao.
Akaeleza. Mfupa ni gurudumu la mkaratusi,
gegedu ni ule ukanda wa mpira tunaoupigilia juu yake.
Ukilika, mbao inagonga mwamba.
Basi nibadilishiwe mpira,
pale Majengo ni misumari kumi tu!
Kimya. Vocha haikuwa imeisha.

Gegedu halina damu, alisema.
Halina hata mshipa wa kuhisi.
Likichanika halijui,
na kisichojua kimechanika hakijishoni.

Nawajua watu wa namna hiyo.
Mmoja hunyoa ndevu kwenye kioo changu.

Kwa hiyo wao huchukua seli ya ngozi,
ya mtu mzima, iliyokwisha kuzoea kazi yake,
wanainong'oneza maneno manne
siku baada ya siku mpaka isahau.
Isahau jua, isahau kovu na sabuni,
irudi kuwa kitoto kisicho na kabila
kinachoweza kuwa moyo, kinachoweza kuwa jicho.
Kisha wanaifundisha upya, taratibu:
wewe utakuwa goti.

Inaulizwa?
Nini, baba?
Hiyo seli. Inaulizwa kama inautaka utoto tena?

Maana mimi ningeomba kwanza nitajiwe mwaka.
Iko miaka ya Goma nisiyoirudia hata kwa goti jipya:
ule ambao moto wa mlima ulishuka barabarani,
nikasukuma cherehani ya mama yake na yeye juu yake,
ana miaka mitatu, ameshika usukani kama ndiye dereva,
na nyuma yetu mtaa ukisahau kwamba ulikuwa mtaa.
Mawe yaliyokuwa uji siku ile
ndiyo ukuta ninaouegemea nikiongea naye.
Yeye anakumbuka joto tu.

Sasa kwenye kisahani ana punje.
Nyeupe, inateleza, ndogo kuliko mtama.
Ina majuma sita. Anailisha, anaibadilishia maji.
Na hutaamini, baba:
ukiidekeza, inalegea.
Lazima iminywe, iachiwe, iminywe, iachiwe,
mashine inafanya hivyo usiku kucha,
ndipo inakumbuka kazi ambayo haijawahi kuifanya.

Nilicheka hadi mama yake akaja mlangoni na mwiko.
Hilo wangeniuliza mimi,
ningewaambia bila mashine.

Lini? nikamuuliza.
Hajawahi kunidanganya, hata akiwa mdogo.
Si kwa goti lako, baba.
Labda kwa la mtu anayeanza leo kusukuma.

Asubuhi nilimpa Mumbere chukudu.
Nilikata kandambili kuukuu, nikaikunja mara mbili,
nikaipigilia pale goti linapokaa.
Akapita kwenye mzunguko, chini ya yule mtu wa dhahabu
anayesukuma dunia nzima
na hajashika goti hata siku moja.
Nikasimama nikisikiliza mpaka akapotea:
mpira, mpira, mpira juu ya mwamba.
Bado si mbao.